Gor Mahia: Jabilo Aliyefia Nyumbani Kwake

Ni majina machache ya marehemu yanayotamkwa kwa sauti kubwa nchini Kenya kama jina la Gor Mahia. Timu iliyolibeba inaposhuka uwanjani, iwe Kisumu au Nairobi, maelfu ya mashabiki waliovalia kijani hulipaza hadi likavuka kuta za uwanja. Lakini ukimshika bega mmoja wao ukamwuliza Gor huyo alikuwa nani hasa, aghalabu utajibiwa kwamba alikuwa mchawi mkuu wa Waluo. Jibu hilo ndilo lililonifanya niishike kalamu wiki hii. Lina neno moja lisilo mahali pake, na neno hilo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, limekwisha kugharimu maisha ya watu.

Tuanze na jina, maana kwa mtu wa kazi yangu hapo ndipo penye mlango. Mwenyewe aliitwa Gor, mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, wa Kanyamwa, katika nchi ambayo leo ni Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Mahia si jina alilozaliwa nalo. Ni lakabu aliyopewa na watu, nayo yabeba maana ya maajabu, mambo yanayomwacha mtu kinywa wazi. Timu nayo huitwa K'Ogalo, yaani nyumbani kwa Ogalo, na kiambishi hicho ndicho kile kile tukionacho katika majina ya Kanyamwa, Karachuonyo na Kasipul. Kwa hiyo hata shabiki asiyejua lolote juu ya mtu huyu, kila anapoishangilia timu yake humtaja babu yake Gor. Waluo hawamtaji mtu peke yake; humtaja pamoja na boma alikotoka.

Nchi aliyozaliwa Gor ilikuwa bado mpya kwa watu wake. Mababu wa Waluo wa kusini walikuwa wameivuka Ghuba ya Winam vizazi vichache tu vilivyotangulia, wakapanda kutoka ufuoni hadi kwenye nyanda na vilima vya ndani, wakatwaa malisho, wakasukumana na waliowatangulia na kusukumana wao kwa wao. Kila ukoo ulikuwa na mipaka iliyolindwa kwa mkuki. Katika hali kama hiyo mtu aliyehitajika kupita wote hakuwa mpiganaji hodari, kwa sababu wapiganaji walikuwa wengi. Aliyehitajika ni yule awezaye kuwaambia wapiganaji ni siku gani watoke na siku gani wakae nyumbani. Mtu huyo Waluo walimwita jabilo.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa kuwa bila ya neno hili maisha ya Gor hayaeleweki. Jabilo ni mwenye bilo. Bilo ni dawa yenye nguvu, mara nyingi unga wa mizizi, majani au maganda ya miti. Hutiwa katika pembe au katika kimfuko cha ngozi, kikafungwa kiunoni, shingoni au mkononi, au kikafukiwa langoni mwa boma. Neno hilo hilo, kwa maandishi, ndilo kitenzi cha kuonja katika Dholuo, na wapo wanaouona undugu kati ya mambo hayo mawili, maana dawa ya vita ililambwa kabla ya kuvaliwa. Mti nao kwa Dholuo ni yath, na dawa pia ni yath. Mzungumzaji hatofautishi kati ya kinachoota msituni na kinachoponya. Sisi watumiaji wa Kiswahili hatuna la kushangaa katika hilo. Hata leo twazungumza juu ya miti shamba tukikusudia dawa.

Kazi ya jabilo ilikuwa kuulinda umma. Hakuitwa kutibu homa ya mtoto mmoja. Kwa hayo alikuwapo ajuoga, mganga wa kila siku apigaye gagi kutafuta chanzo cha ugonjwa. Gagi hizo, kwa taarifa ya msomaji, mara nyingi ni kauri zilizotoka Bahari ya Hindi na kusafiri mkono kwa mkono hadi ziwani, miaka mingi kabla ya reli. Jabilo alikuwa wa ukoo mzima. Alitazama mbele, akaona, akatoa shauri, na ndipo vijana walipovishwa vile vimfuko wakatoka. Wakirudi salama sifa zilikuwa zake, na wasiporudi lawama pia zilikuwa zake. Kimfuko, kwa maneno mengine, kilikuwa mkataba kati ya mwenye kuona na mwenye kupigana. Ukikivaa umekubali kutoka siku aliyoichagua yeye wala si siku uliyoichagua wewe. Nathubutu kusema kwamba nusu ya nguvu za bilo zilikuwa katika nidhamu hiyo. Vijana wanaosubiri neno la mtu mmoja kabla ya kushika mikuki ni jeshi, na wasiosubiri ni kundi la wahuni wenye silaha.

Pwani nako kuna ukoo mzima wa maneno ya kujikinga. Hirizi ni neno la Kiarabu, na mzizi wake wahusu kulinda na kuhifadhi. Talasimu lilitoka kwa Wayunani likapitia kwa Waarabu kabla ya kutua kwetu. Lakini fingo, kago na zindiko ni maneno yetu wenyewe ya Kibantu. Fingo likifukiwa mlangoni, kago na zindiko likimzunguka mtu, nyumba au shamba. Neno mganga nalo ni kongwe kuliko Kiswahili chenyewe, na lilivuka bahari ndani ya mashua za watumwa. Huko Cuba, watu wenye asili ya Kongo huliita nganga lile sufuria takatifu la dini ya Palo. Mjini Lisbon, mwaka wa 1730, mtumwa mmoja mzaliwa wa pwani ya Afrika Magharibi alikamatwa na mahakama ya Kanisa kwa kosa la kushona na kuuza vimfuko vya kinga vilivyoitwa vya Mandinga, na wateja wake walikuwa watumwa wenzake. Mnamo Januari 1835 Waislamu weusi wa Bahia, nchini Brazili, walipoinuka dhidi ya mabwana wao, wengi wao walikuwa wamevaa shingoni vimfuko vya ngozi vyenye karatasi za aya za Kurani. Kusini mwa Marekani kimfuko cha flaneli nyekundu kiitwacho mojo kilivaliwa na wajukuu wa watumwa, na sifa zake zikaingia katika nyimbo zao. Nayataja haya ili nimwondolee msomaji dhana kwamba kimfuko kiunoni mwa kijana wa Kanyamwa kilikuwa ushamba wa watu waliojificha nyuma ya vilima. Popote mtu mweusi alipojikuta hana ngome wala bunduki, ngome yake aliishona kwa ngozi akaivaa mwilini.

Turudi Kanyamwa. Gor alikuwa jabilo na ruoth kwa pamoja, yaani mwonaji na mtawala katika mwili mmoja, jambo ambalo halikuwa la lazima kwa Waluo. Kwingineko mwonaji alikuwa mmoja na mtawala mwingine, na wawili hao walichungana. Kwa Gor hapakuwa na wa kumchunga, na bila shaka hapo ndipo ilipochipuka sifa yake ya kubadilika umbo. Masimulizi yamjaa huyu bwana: adui alipomjia alikuta mzee kikongwe, au mwanamke, au mnyama, au mti, au jiwe, na aliyemtafuta akarudi mikono mitupu. Wasimulizi wa ziwani hawachoki kuongeza.

Wasomi wa kizazi changu huyakwepa masimulizi haya kwa haya, au huyacheka. Mimi siyaoni kuwa ya kuchekwa, ingawa nami siamini kwamba mtu aweza kuwa jiwe. Msimulizi anapokuambia kwamba Gor alikuwa na maumbo mengi anakupa habari ya kweli juu ya siasa zake. Adui hakujua atamkabili akiwa katika hali gani. Waliomwendea kwa vita walimkuta mpole, na waliomdharau walimkuta mkali. Kinga ya kwanza ya mtawala mdogo aliyezungukwa na wakubwa ni kutotabirika, na jambo hili lilikuja kuonekana bayana alipofika mgeni ambaye hakuna bilo iliyokuwa imewahi kumpima.

Miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa ilikuwa mibaya kote Afrika Mashariki. Sotoka ilifagia ng'ombe, ndui ikafagia watu. Kisha wakaja Waingereza. Mwaka wa 1899 majeshi yao yaliwachapa watu wa Seme, Sakwa na Uyoma, ng'ambo ya kaskazini ya Ghuba ya Winam, yakachoma vijiji na kuchukua mifugo. Desemba 1901 reli ilifika ufuoni, na mji wa Kisumu ukaanza kuinuka pale garimoshi lilipokutana na meli. Habari za aina hiyo huvuka maji upesi kuliko mtumbwi, na hapana shaka zilifika Kanyamwa mapema. Yapo masimulizi yasemayo kwamba Gor alikuwa amekwisha kuwaona wageni hao kabla ya kuja kwao, na kwamba aliwashauri watu wake wasiwainulie mkuki. Kama aliwaona kwa bilo au kwa masikio yake, kwangu mimi ni mamoja. Lenye uzito ni shauri alilolitoa.

Ili uzito huo uonekane, hatuna budi kuwatazama wenzake wa enzi hiyo. Mwaka wa 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Tanganyika, aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na vita vya Maji Maji vilivyofuata viliteketeza watu kwa maelfu, wengi wao kwa njaa. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, mrithi wa ukoo wa waonaji uliokuwa umetabiri ujio wa wageni, aliuawa kwa risasi katika mkutano uliodaiwa kuwa wa suluhu. Januari 1908, katika vilima vya Wagusii, majirani wa Waluo wa kusini, kijana Otenyo alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza wa wilaya. Mzungu alipona. Otenyo aliuawa, na nchi ya Wagusii ikachomwa moto na kunyang'anywa ng'ombe. Hao wote twawaita mashujaa, na ni haki yao.

Gor hakuuawa. Waingereza walimkuta akiwa ruoth wa Kanyamwa, nao wakamwacha akaendelea, sasa akiwa chifu mbele ya macho yao na jabilo mbele ya macho ya watu wake. Kama kuna siku aliyobadilika umbo mchana kweupe, basi ndiyo hiyo. Mtawala wa kikoloni aliyepita Kanyamwa alimwona mzee mmoja wa kukusanya kodi ya nyumba. Wakazi waliona yule yule Gor. Wote wawili walitazama mtu mmoja na wote wawili walikuwa sahihi.

Najua lipo pingamizi, na ni zito. Mtu aliyewakusanyia Waingereza kodi twaweza kumweka katika orodha moja na Koitalel? Wapo watakaomwita msaliti, na sitawatukana. Chifu wa zama hizo alitoa vijana wa kujenga barabara, na vita vikuu vilipozuka mwaka wa 1914 machifu wa Nyanza walidaiwa wapagazi wa Kariakoo kwa maelfu, ambao wengi hawakurudi. Huo ulikuwa mzigo wa kila chifu na sina sababu ya kumwondolea Gor sehemu yake. Ninachokikataa ni kipimo cha namna moja. Tumezoea kumpima mlinzi wa watu kwa jinsi alivyokufa, nasi humpuuza yule ambaye watu wake walisalia hai kiasi cha kuweza kumzika. Jabilo hakuwekwa ili afe vizuri. Aliwekwa ili vijana warudi.

Na miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Malale yalikuwa yamezikumba fuo za ziwa tangu mwanzoni mwa karne, na bonde la Lambwe, jirani kabisa na Kanyamwa, likajulikana kwa mbung'o wake. Mwaka wa 1913 katika nchi ya Alego, ng'ambo ya ghuba, Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani aitwaye Mumbo alimmeza na kumtema akiwa na ujumbe: wageni watatoweka, watu wazirudie njia zao. Ujumbe huo ulivuka hadi Nyanza Kusini ukashika moto, hasa baada ya Septemba 1914 Wajerumani walipouingia mji wa Kisii na serikali ikakimbia kwa muda. Baadaye baadhi ya viongozi wa Mumbo walikamatwa wakahamishiwa mbali, wengine hadi Lamu. Huko visiwani walikutana na watu waliovaa hirizi hadharani bila ya kuulizwa na yeyote. Sikosi kuwaza ni mazungumzo gani yalipita barazani jioni hizo kati ya wafuasi wa nyoka wa ziwani na wenyeji wao wa pwani.

Gor alifariki mwaka wa 1920, akiwa mzee, nchini kwake Kanyamwa. Mwaka huo una mambo. Ndio mwaka ambao nchi hii iligeuzwa rasmi kuwa koloni na kuitwa Kenya. Na ndio wakati ambapo kipande kilianza kusambazwa. Msomaji kijana pengine hakijui. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi ya alama za vidole na habari za waajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa uzi. Kitu kilichofungwa, chenye maandishi yasiyosomwa na mvaaji, kivaliwacho shingoni, ambacho kukivua ni hatari: sisi wa ziwani na wa pwani tulikitambua mara moja umbo lake. Ila hirizi hii haikumlinda aliyeivaa, ilimlinda aliyemvisha. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, Waluo walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, katika mkutano wa Piny Owacho, yaani nchi imesema, na miongoni mwa waliyoyadai ni kuondolewa kwa kipande.

Tangu hapo Gor aliishi midomoni tu, hadi mwaka wa 1968 timu za kandanda za Waluo zilipoungana, na katika kutafuta jina wakamwendea yeye. Timu ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka wake wa kwanza. Watu wakatikisa vichwa. Miaka ya themanini ilipoanza, serikali iliamuru majina ya kikabila yafutwe katika vyama na timu, na hapo ndipo herufi tatu za Gor zilipofasiriwa upya kwa Kiingereza zikasimama badala ya Gulf Olympic Rangers. Sijui kama waliolibuni walikusudia utani, lakini ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa marehemu kubadilika umbo mbele ya askari. Jina la pili lilisahaulika, la kwanza likarudi, na mwaka wa 1987 timu ikatwaa Kombe la Mandela mbele ya Espérance ya Tunis kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mashabiki waliipa timu jina jingine, Sirkal, ambalo ni neno letu la serikali katika matamshi ya Dholuo, na ambalo enzi za Gor lilimaanisha dola ya Mwingereza. Basi chifu wa sirkali amegeuka kuwa Sirkal mwenyewe.

Kwa bahati mbaya kandanda pia imemharibia sifa. Kwa kuwa vilabu vyetu vingi vimewahi kushukiwa kufukia vitu golini, na kwa kuwa mwaka wa 2002 dunia nzima ilimwona kocha wa makipa wa Kameruni akiburutwa na polisi uwanjani mjini Bamako kwa tuhuma za hirizi, imekuwa rahisi kulisoma jina la Gor Mahia kama tangazo la ndumba. Hapo ndipo jabilo alipogeuzwa mchawi.

Lakini mgeuko huo haukuanzia uwanjani. Ulianzia katika sheria. Mwaka wa 1909, Gor akiwa hai na madarakani, serikali ya Himaya ilitunga sheria yake ya kwanza juu ya uchawi, na mwaka wa 1925 ikatungwa ile ambayo Kenya huru iliirithi ikiwa Sura ya 67. Kwa sheria hiyo ni kosa kujidai kuwa na nguvu za uchawi, na ni kosa pia kuwa na hirizi au chombo cha aina hiyo kwa nia ya kutia watu hofu, kuwaudhi au kuwadhuru. Mtunga sheria alikuwa na neno moja la Kiingereza, akalitandaza juu ya kila kitu. Dholuo, kwa upande wake, ilikuwa na maneno yasiyochanganyika hata kidogo. Jajuok ni yule atembeaye usiku uchi akitikisa milango ya watu. Jasihoho ni mwenye jicho baya linalomdhuru mtu kupitia chakula. Janawi ni mwenye kuua kwa dawa. Ajuoga hutibu. Jabilo hulinda. Mtoto wa miaka kumi katika Kanyamwa ya Gor alijua tofauti ya hao watano kama ajuavyo tofauti ya chui na paka.

Mzizi wa neno juok wenyewe wafunza mengi. Kwa Washilluk wa Sudan Kusini, ndugu wa Waluo kwa asili, Juok ni Mwenyezi Mungu. Kwa Waacholi wa Uganda jok ni nguvu au roho ya mahali. Waluo wa ziwani wakatoa humo juogi, mizimu, ajuoga, mganga, na juok, uchawi wa usiku. Lugha moja imetoa katika chungu kimoja mponyaji na mdhuru, na bado wazungumzaji wake hawakuwahi kuwakosea. Kiswahili kilifanya hivyo pia kwa kutenga uganga na uchawi kwa maneno yasiyo na undugu. Sheria ikayafuta yote hayo, na makanisa, ambayo mengi yalidai vimfuko viletwe madhabahuni vichomwe, yakamaliza kazi.

Haya si mambo ya kamusi peke yake. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi ya Wagusii, saa chache tu kwa gari kutoka Kanyamwa, watu 11 waliteketezwa kwa moto wakiitwa wachawi, wengi wao wazee. Oktoba 2021, huko Marani, katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Mfuko wa mizizi ndani ya nyumba ya ajuza ni dawa ya mgongo, au kinga ya mjukuu, au sumu. Jirani wa zamani angejua kuuliza ni upi. Jirani wa leo ana neno moja tu mdomoni, na neno hilo halina swali la pili. Nikimtazama Gor kwa macho ya kijiji cha leo, naona mzee mwenye pembe na vimfuko, anayesemekana kubadilika umbo, anayeonekana mahali asipotarajiwa. Sina hakika kwamba angefia nyumbani kwake.

Kila mara pazukapo mauaji ya namna hii hutolewa wito sheria hii ibadilishwe, na kila mara wanaosikika ni mawakili na viongozi wa dini. Napendekeza kwamba siku wabunge watakapoketi kuiandika upya, wasianze na kifungu cha adhabu. Waanze na kifungu cha maana ya maneno. Na kabla ya kukiandika waende Ndhiwa, Rusinga, Mfangano, Kano na Alego, kisha Mijikenda na Lamu, wakae na wazee wanaozijua bado tofauti hizi, wayaandike majina moja baada ya jingine, na kando ya kila jina waandike kazi ya mtu huyo ilikuwa ipi. Wazee hao ni wachache, na kila msimu wa matanga huwapunguza. Vijana ninaowafundisha, wengi wao wazaliwa wa ziwani na mashabiki wa kutupwa wa K'Ogalo, wengi hawajawahi kulisikia neno jabilo.